Funguo za Akiba Anazo Nani?

Ukiwatajia watu nyumba za kupanga za wazee, wengi hukunja uso. Kinachowajia kichwani ni korido ndefu yenye harufu ya dawa, vitanda vimejipanga, na mzee aliyevalishwa nguo ambazo hakuzichagua. Hayo ni makao ya kutunzia wazee, nayo yana kazi yake. Mimi nataka kuzungumzia kitu kingine: jengo la vyumba vya kupanga ambamo mtu wa miaka 60, 70 au 80 na ushei anaishi kama mpangaji mwingine yeyote. Ana mlango wake, jiko lake na choo chake. Anajipikia, anajifulia, anatoka na kurudi saa anayotaka. Tofauti ni kwamba majirani wote ni wa rika lake, kuna msimamizi anayejua nani anaishi wapi, kuna kengele ya dharura ndani ya kila nyumba, na kwa kawaida kuna ukumbi wa pamoja ambao mtu huingia akijisikia.

Mama yangu mkubwa anaishi kwenye jengo la namna hiyo. Aliamua mwenyewe, wakati sisi wengine bado tunanong'onezana kwenye simu tumfanyeje. Magoti yalikuwa yamegoma kupanda ngazi, nyumba aliyokuwa nayo ilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja, na taa ya uani ilikuwa imeungua siku nyingi kwa sababu hakutaka kumsumbua mtu aje kuibadilisha. Nilimsindikiza kwenda kukagua majengo kadhaa. Mimi nilikuwa natazama rangi za kuta na ukubwa wa madirisha. Yeye alikuwa na swali moja alilolitoa kila tulikoingia, kabla hata hajakaribishwa kiti: "Funguo za akiba anazo nani?"

Majibu yalitofautiana. Mahali pamoja funguo zote zilitundikwa kwenye ubao nyuma ya meza ya mapokezi, kila ufunguo na kibandiko chenye namba ya chumba na jina la mwenyewe, anayepita anajisomea. Kwingine kulikuwa na kisanduku cha chuma kando ya kila mlango, kinachofunguliwa kwa tarakimu, na tarakimu zinajulikana na kituo cha dharura tu. Pale alipokuja kuhamia palikuwa na daftari: anayechukua ufunguo anaandika jina, saa na sababu. Mama mkubwa alilifungua lile daftari, akavaa miwani, akasoma kurasa mbili nzima msimamizi akiwa amesimama anasubiri. "Huyu fundi bomba aliingia saa nne, ufunguo ukarudi saa tisa," akasema. "Bomba gani hilo?" Msimamizi akacheka, akaanza kueleza habari za bomba. Mama mkubwa hakucheka, lakini nadhani ndipo alipoamua.

Tangu siku ile nimelitafakari sana swali lake, na nimefikia mahali pa kuamini kwamba limebeba karibu kila kitu. Mtu anayeuliza ufunguo uko wapi anauliza kama pale atakuwa mpangaji au atakuwa mtu wa kutunzwa. Mpangaji ana mkataba. Mwenye nyumba hawezi kumwingilia ndani pasipo taarifa, isipokuwa pana dharura. Anaweza kukataa kutembelewa. Anaweza kukaa na vyombo vichafu mpaka kesho kutwa. Anaweza kulala mchana na kukesha usiku, na hakuna anayemwandika popote. Sisi watoto, tukiingia kwenye jengo kama lile, macho yanakimbilia kengele na vyuma vya kushikia bafuni, kwa sababu hofu yetu ni mzee kuanguka. Hofu yake yeye ni kuamuliwa mambo yake. Nyumba nzuri ya aina hii hujibu hofu zote mbili, lakini ya kwake ndiyo husahaulika.

Wazo lenyewe la kuwakusanya watu wa umri mkubwa au walioishiwa katika nyumba ndogondogo ni la zamani. Winchester, Uingereza, kuna Hospital of St Cross, iliyoanzishwa karne ya 12, na hadi leo wapo wazee wanaoishi humo na kuvaa majoho ya nyumba hiyo. Augsburg, Ujerumani, kuna mtaa mzima unaoitwa Fuggerei, ulioanzishwa na tajiri Jakob Fugger, hati yake ikiwa ya mwaka 1521. Ulikusudiwa Wakatoliki wa mji huo waliopungukiwa, wa umri wowote. Kodi ya mwaka mzima mpaka sasa ni senti 88 za yuro, thamani ya guldeni moja, sarafu ya wakati ule, na juu yake sala tatu kila siku. Kinachonivutia mimi ni vishikio vya kuvutia kengele milangoni. Kila kimoja kina umbo lake, ili katika enzi zisizo na taa za barabarani mtu akirudi gizani aupapase mlango wake na kuujua kwa mkono.

Karne tano zilizopita, basi, kuna mtu alishafikiria kwamba hata aliyepewa nyumba kwa huruma anahitaji mlango asioweza kuuchanganya na wa jirani. Ila Fuggerei ina mageti pia, yanafungwa saa nne usiku, na anayechelewa humlipa bawabu ada ndogo ndipo afunguliwe. Hiyo ndiyo tabia ya hisani: inakupa paa na inakupangia saa ya kulala.

Sura ya nyumba hizi tunayoijua leo ilitengenezwa Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Halmashauri zilijenga kwa wingi, na vyama vya nyumba visivyo vya faida vikajenga pia. Mwaka 1969 wizara ya nyumba ilitoa waraka namba 82/69 uliozigawa nyumba hizi mafungu mawili. Fungu la kwanza lilikuwa nyumba ndogo zinazojitegemea, za wazee ambao bado wana nguvu. La pili lilikuwa vyumba vilivyo chini ya paa moja, korido zikiwa zimepashwa joto, na ndani yake ukumbi, chumba cha kufulia na kengele ya kumwita msimamizi ambaye aliishi hapo hapo na familia yake. Majengo mengi ya miaka ya 1970 ni waraka ule uliogeuzwa matofali. Sheria ya baadaye iliyowaruhusu wapangaji wa halmashauri kununua nyumba walizopanga iliziacha hizi kando, ndiyo maana zimebaki za kupanga hadi leo wakati nyingine nyingi ziliuzwa.

Lakini kwa maoni yangu, walioelewa jambo la upangaji kuliko wote ni Wadenmark. Sheria yao ya nyumba za wazee ya 1987 ilisimamisha, kuanzia 1988, ujenzi wa makao mapya ya mtindo wa zamani. Katika makao yale pensheni ya mzee ilibaki kwa taasisi, naye akapewa hela kidogo za mfukoni. Katika nyumba zilizofuata mzee anapokea pensheni yake yote mkononi, analipa kodi yake, analipia chakula anachokitaka, na wahudumu wanamfuata mlangoni kwake kama ambavyo wangemfuata popote pengine mjini. Mtu anaweza kusema hesabu ni ile ile, fedha zinatoka huku zinaingia kule. Sikubali. Anayepewa hela za mfukoni na anayelipa kodi hawazungumzi na msimamizi kwa sauti moja.

Sasa nije kwenye kamba.

Ukitaka kujua jengo la wazee linaendeshwaje, omba kuingia chooni na uitafute kamba ya dharura. Ni kamba nyekundu inayotoka darini. Katika kanuni za Uingereza za vyoo vya watu wenye ulemavu, kamba hiyo inatakiwa iwe na pete mbili nyekundu za kushikia: moja kati ya sentimita 80 na 100 kutoka sakafuni, ya pili sentimita 10 tu. Hiyo ya chini ndiyo yenye maana, maana aliyeanguka yuko chini. Lakini mara nyingi utaikuta imepigwa fundo, au imezungushwa kwenye bomba la taulo, au imepachikwa nyuma ya kioo ambako hata mtu mzima wa afya lazima anyooshe mkono kuifikia. Anayedeki aliona inamzuia. Au mpangaji mwenyewe aliichoka, baada ya kuivuta usiku akidhani ni ya taa, na sauti ya mtu asiyemjua ikatoka ukutani kumuuliza kama yuko salama, naye yuko vile mtu anavyokuwa chooni.

Kifaa cha kuvaa shingoni, chenye kitufe cha kubonyeza kuita msaada, nacho kina mkasa wake. Wengi huning'iniza kile kitufe kwenye kitasa cha mlango wa chumbani na kukiacha hapo. Mwaka 2008 jarida la British Medical Journal lilichapisha utafiti wa Cambridge uliowafuatilia watu wenye umri wa zaidi ya miaka 90. Wengi walikuwa na kengele ya aina fulani, lakini katika maanguko mengi yaliyomwacha mtu amelala sakafuni muda mrefu, kengele haikutumika. Ilikuwepo. Haikubonyezwa.

Kwa nini? Nimewasikia majirani wa mama mkubwa wakilijadili hili wao kwa wao, na wanavyolisema wao kwa wao ni tofauti na wanavyomwambia daktari. Daktari huambiwa "nilisahau." Wao kwa wao wanaambiana kwamba ukiivuta mara ya kwanza wanakuja, mara ya pili wanampigia mwanao, mara ya tatu kunaitwa kikao. Kila mmoja anamjua mtu aliyeitiwa kikao kisha chumba chake kikapata mwenyeji mpya. Mzee anayeogopa kuhamishwa atatambaa kutoka bafuni mpaka kitandani, saa mbili nzima, asiiguse kamba. Kwa hiyo mkataba wake na usalama wake ni kitu kimoja. Kadiri anavyokuwa na hakika kwamba hakuna wa kumtoa pale kwa sababu ameanguka, ndivyo atakavyokuwa mwepesi wa kuomba msaada. Ukimtishia, hata kwa maneno ya upendo, umemnyang'anya ile kamba.

Kuna swali la kiufundi pia, na ni la kuuliza kabla ya kusaini. Sauti ile ya ukutani hupita kwenye laini ya simu. Uingereza laini za zamani za shaba zinazimwa, na mwisho uliopangwa ni Januari 2027. Laini ya zamani ilikuwa na umeme wake yenyewe. Ya intaneti hufa umeme ukikatika, isipokuwa kama kuna betri ya akiba. Ukiuliza betri inadumu saa ngapi na mwenyeji wako akaanza kukuonyesha bustani, umepata jibu.

Hata kamba ikiwa sawa na laini ikiwa hai, kinachofuata ni nani anaitika. Hapa ndipo nyumba hizi zimebadilika zaidi, na si kwa uzuri. Msimamizi wa zamani aliishi ndani ya jengo. Alijua pazia la chumba fulani hufunguliwa saa moja kasoro, na likiwa bado limefungwa saa tatu, alipita kugonga. Hakuna kituo cha simu, hata kiwe hodari namna gani, kinachojua habari za pazia. Uingereza, kuanzia 2003, fedha za kazi hiyo zilitenganishwa na kodi zikaingizwa katika mfuko wa usaidizi ulioitwa Supporting People, chini ya halmashauri. Mwaka 2009 serikali kuu iliondoa sharti lililozifunga fedha zile kwa kazi hiyo peke yake. Ikawa rahisi kumwondoa msimamizi anayeishi pale na kumleta mfanyakazi wa kuzunguka majengo mengi, leo hapa, kesho kule.

Wapangaji wa Barnet, London, na wa Portsmouth hawakulinyamazia. Walikwenda Mahakama Kuu, na Desemba 2009 mahakama ikabatilisha maamuzi ya halmashauri zote mbili kwa sababu hazikuzingatia ipasavyo wajibu wao wa kisheria kwa watu wenye ulemavu. Hukumu ile haikumrudisha kila msimamizi mahali pake. Ilizilazimisha halmashauri zifikiri upya, kwa utaratibu. Lakini ninachokipenda ni kwamba walioshitaki walikuwa wazee wenyewe, waliohamia pale wakiwa wameahidiwa mtu wa kuishi nao jengoni, wakaona ahadi inafutwa kwa barua. Mtu anayehesabiwa kama mzigo wa kutunzwa hufanyiwa mabadiliko. Mpangaji anauliza: mbona hili halikuwa kwenye makubaliano yetu?

Kuhusu fedha nitakuwa mfupi, kwa kuwa kila nchi ina mahesabu yake. Karibu kila mahali bili ina sehemu mbili: kodi yenyewe, na ada ya huduma. Kodi hupangwa na kujulikana. Ada ya huduma ndiyo hupanda kimyakimya, kwa kuwa ndani yake mna lifti, taa za korido, usafi, bustani, msimamizi na kengele. Omba mchanganuo, mstari kwa mstari, wa mwaka huu na wa mwaka uliopita, uilinganishe. Angalia pia msaada wa serikali unalipia nini na unaacha nini. Uingereza, kwa mfano, msaada wa kulipia kodi ya nyumba unaweza kugharimia taa na usafi wa sehemu za pamoja, lakini haulipii umeme na joto la chumbani kwako wala kengele ya dharura, hivyo hivyo vinavyoifanya nyumba iitwe ya wazee. Marekani wana mpango unaojulikana kwa kifungu chake cha sheria, Section 202, tangu 1959. Ni wa wenye kipato kidogo sana, mmoja wa wakazi wa nyumba lazima awe amefika miaka 62, na mpangaji hulipa asilimia 30 ya kipato chake kilichokokotolewa, iwe kikubwa au kidogo. Napenda utaratibu huo kwa sababu mjane akipoteza pensheni ya mumewe, kodi yake hushuka pamoja na kipato. Foleni za kuingia ni ndefu, jambo ambalo halishangazi.

Mahali ambapo mkataba hupimwa kwelikweli ni hospitali. Mzee amevunjika nyonga, amelazwa, wiki zinapita, chumba kiko kitupu na kodi inakwenda. Mwenye nyumba ana orodha ya wanaosubiri. Mtoto naye, kwa nia njema, anaanza kusema labda tukirudishe tu kile chumba. Wajapani waliliona hili walipopitisha mwaka 2011 utaratibu wao mpya wa kusajili nyumba za wazee zenye huduma. Chumba kinatakiwa kiwe na mita za mraba 25, au 18 pale ambapo jiko na sebule ya pamoja vinatosha. Lazima kuwe na mtu wa kuhakikisha hali ya wapangaji na wa kuwashauri. Na mwenye nyumba haruhusiwi kumbadilishia mzee chumba au kuuvunja mkataba kwa kisingizio kwamba amelazwa. Kabla ya hapo, mwaka 2001, walikuwa wameweka aina ya mkataba wa kupanga unaodumu maisha yote ya mpangaji, na mwenzi aliyekuwa akiishi naye anaweza kuendelea. Sheria ya namna hiyo ukiisoma unajua kwamba aliyeiandika alikuwa amewahi kuona kitanda cha mtu kikitolewa nje mwenyewe akiwa wodini.

Mama mkubwa alilazwa mara moja tangu ahamie. Binamu yangu mmoja, mtu wa mipango, alifika kwa msimamizi kuulizia taarifa ya kuacha chumba. Msimamizi alimjibu kwa heshima zote kwamba taarifa ya kuacha chumba hutolewa na mpangaji, na mpangaji hajatoa. Binamu alikasirika kweli. Mama mkubwa aliporudi akaambiwa habari hizo, alimnunulia msimamizi zawadi na hakumtaja binamu hata mara moja, adhabu ambayo wanaomjua wanaielewa.

Niseme haki: upande wa pili upo. Kuna hali ambazo mlango wa mpangaji hautoshi. Mtu akianza kusahau jiko linawaka, akatoka usiku na kupotea, akawa hamjui jirani aliyemjua jana, nyumba hizi hazikujengwa kwa ajili hiyo, na msimamizi mmoja hawezi kuwa muuguzi wa watu 40. Kabla ya hatua hiyo, hata hivyo, kuna mwendo mrefu sana ambao watu wengi wanaupita haraka kuliko inavyohitajika. Mhudumu anaweza kuja asubuhi kusaidia kuoga. Dawa zinaweza kupangwa katika kisanduku cha siku kwa siku. Jiko la umeme linaweza kufungwa kifaa cha kulizima. Kuna majengo yenye wahudumu usiku na mchana ambayo bado ni ya kupanga, kila mtu na mlango wake. Msaada uongezeke kwanza. Kuhama kuwe neno la mwisho.

Na ule ukumbi wa pamoja? Kwenye vipeperushi ndipo wazee wote wanacheka kwa wakati mmoja. Kwenye maisha halisi ni bunge. Kuna kiti kilicho karibu na dirisha ambacho si cha mtu, na ole wako ukikikalia. Kuna mgogoro wa televisheni, kuna mgogoro wa joto, kuna wanaotaka dirisha wazi na wanaotaka lifungwe, na kuna mama mmoja aliyejichagua kuwa mwenyekiti miaka mingi iliyopita na hakuna anayekumbuka uchaguzi. Mama mkubwa huingia mle siku mbili tatu kwa wiki, hugombana kidogo, hurudi kwake amechangamka. Siku nyingine hapiti kabisa. Ukumbi ambao ni lazima kuingia ni darasa, na wale watu walikwisha maliza shule.

Ningependa pia wajenzi wakumbuke chumba cha wageni. Waraka wa 1969 na wenzake walikipa nafasi, lakini siku hizi mara nyingi kinageuzwa ofisi au stoo. Ni chumba kimoja tu, cha kulala mtoto au ndugu aliyesafiri kuja, kwa malipo kidogo. Kwa mzee ambaye ana chumba kimoja na sebule, hicho ndicho kinachomwezesha kuwa mwenyeji badala ya kuwa mtu wa kutembelewa kwa saa moja watu wakiangalia saa zao. Mimi hulala humo. Asubuhi nagongewa mlango na mwenyeji wangu, ambaye amekwisha amka zamani, na anataka kujua kama nakusudia kulala mpaka adhuhuri.

Kilichobaki ni kile ambacho hakuna anayependa kukiuliza mbele ya mzee: mpangaji akifa, inakuwaje? Mahali pengi mkataba haufi naye. Uingereza upangaji wa kawaida wa aina hii huendelea mpaka utolewe ilani, kwa kawaida wiki nne, na kodi inahesabiwa juu ya mali aliyoiacha, huku msaada wa serikali ukiwa umekoma. Familia iliyofiwa inajikuta inabeba makabati na kubishana bili ndani ya mwezi huo huo. Baadhi ya wenye nyumba husamehe wiki mbili, wengine hawasamehi hata siku. Yote hayo yanaweza kuandikwa mapema, pamoja na nani atakabidhi ufunguo na samani zinakwenda wapi.

Mama mkubwa aliliuliza siku ya kusaini. Msimamizi aliinamisha kichwa, akaanza kusema wao hupenda kuwafikiria wapangaji wao wakiwa na afya na maisha marefu, Mungu akipenda. "Amina," mama mkubwa akajibu. "Lakini mimi nimeuliza wiki ngapi." Akaambiwa nne. Akaomba iandikwe kwenye mkataba, ikaandikwa, akaweka sahihi yake pembeni, kisha akanikabidhi nakala mimi, siyo yule binamu.